Mlinzi Ambaye Hukumwita

Wacha nianze na swali ambalo halihitaji digrii ya falsafa. Una kibanda chako cha kuuza smokie na mayai kando ya steji. Siku moja genge la mtaa wa pili linakuja kukinyang'anya. Kabla hawajafika, jamaa mmoja mwenye kifua kipana anasimama katikati ya barabara na kutangaza: "Hapa hakuna mtu wa nje ataguza kitu." Genge linarudi nyuma. Unashusha pumzi. Hukumwita huyo jamaa, hukumlipa, na alipokuwa akisema hata hakukuangalia. Sasa niambie: uko huru, ama kibanda kimepata mwenyewe mpya?

Usijibu haraka. Wengi wetu tungejibu kulingana na kitakachofuata. Akienda zake, basi alikuwa mtu mzuri. Akirudi mwisho wa wiki kudai chake, basi alikuwa mwizi mwenye subira. Mimi nadhani jibu linaweza kupatikana mapema zaidi, ndani ya yale maneno yenyewe, siku ileile aliyoyasema. Ili kulionyesha, nitakupeleka mbali kidogo, hadi Washington ya mwaka 1823.

Tarehe 2 Desemba mwaka huo, rais wa tano wa Marekani, James Monroe, alituma ujumbe wake wa kila mwaka kwa bunge la nchi yake. Ulikuwa ujumbe mrefu, na sehemu kubwa yake ilihusu mambo ya kawaida ya serikali. Lakini aya chache ndani yake ndizo baadaye zikaitwa Kanuni ya Monroe. Zilisema mambo matatu hivi. Kwanza, mabara ya Amerika yasihesabiwe tena kuwa ardhi ya kutawaliwa upya na madola ya Ulaya. Pili, jaribio lolote la Ulaya kuingiza mfumo wake wa utawala huko, au kuzikandamiza nchi ambazo tayari zimejikomboa, Marekani ingelichukua kuwa tishio kwa amani na usalama wake. Tatu, Marekani nayo isingejiingiza katika vita vya Ulaya, wala kugusa makoloni ambayo Ulaya ilikuwa bado nayo.

Ukiisoma ukiwa mtoto wa nchi iliyowahi kutawaliwa, sera hiyo inakufurahisha. Na kusema kweli, ilikuwa na sababu ya kufurahisha. Kumbuka hali ilivyokuwa. Argentina, Chile, Mexico, Peru na Kolombia ile kubwa ya Simón Bolívar zilikuwa zimejikomboa kutoka kwa Hispania, au zilikuwa katika hatua za mwisho za vita. Marekani ilikuwa imeanza kuzitambua mwaka 1822. Huko Ulaya, wafalme wa Urusi, Austria na Prussia walikuwa wamefunga muungano wa kuzima mapinduzi popote yanapozuka, na mwaka huohuo wa 1823 jeshi la Ufaransa liliingia Hispania kumrudishia mfalme Ferdinand mamlaka yake yote. Hofu kwamba wangevuka bahari kumrudishia na makoloni haikuwa porojo. Kwa hivyo taifa changa linaposimama na kuwaambia wafalme "hapa hamtii mguu," watu wenye vidonda vibichi lazima wapige makofi. Kule Kolombia, makamu wa rais Francisco de Paula Santander aliusifu ujumbe huo waziwazi.

Mimi pia ningepiga makofi. Halafu ningeuliza: maneno haya ameambiwa nani?

Angalia vizuri. Monroe alikuwa akiongea na bunge lake huku akijua kwamba Ulaya inasikiliza. Nchi zilizojikomboa ndizo zilizokuwa mada ya maneno hayo, lakini hazikuwa upande wowote wa mazungumzo. Hakuna aliyekwenda Bogotá au Mexico kuwauliza wangependa kulindwa vipi, dhidi ya nani, na kwa masharti gani. Waingereza ndio waliofikiriwa kwa makini. Waziri wao wa mambo ya nje, George Canning, alikuwa amependekeza nchi hizo mbili zitoe tamko la pamoja. John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikataa kwa sababu hakutaka nchi yake ionekane kama kimtumbwi kinachofuata nyuma ya manowari ya Uingereza. Fahari ya taifa ikashinda, Marekani ikasema peke yake. Kichekesho ni kwamba haikuwa na jeshi la majini la kutekeleza ilichokisema. Manowari zilizowazuia wafalme wa Ulaya zilikuwa za Uingereza, ambayo ilitaka masoko ya Amerika ya Kusini yabaki wazi kwa bidhaa zake.

Kuna jambo moja dogo la mwaka uliofuata ambalo mimi naliona kuwa ufunguo wa hadithi nzima. Julai 1824, mjumbe wa Kolombia mjini Washington, José María Salazar, aliiuliza serikali ya Marekani swali la moja kwa moja: mkitushuhudia tunavamiwa, mtatusaidia? Je, mko tayari kufunga mkataba wa ushirikiano nasi? Mwezi wa Agosti, Adams alimjibu kwa lugha ya adabu ambayo ukiikamua inabaki hivi: hilo ni la bunge kuamua, na kwanza tungehitaji kuelewana na madola ya Ulaya. Yaani, hapana.

Hapa ndipo maneno ya yule jamaa wa steji yanapojieleza yenyewe. Ahadi ni kitu unachomwambia mtu usoni, kisha anapata haki ya kukudai. Nikikuahidi elfu mbili, kesho unaweza kunipigia simu na kuniuliza, "Vipi, mbona kimya?" Lakini nikisimama mbele ya watu wengine na kusema "huyu asiguzwe," wewe hujapata chochote cha kunidai. Nimetangaza mpaka, na wewe uko ndani ya mpaka wangu. Kolombia ilijaribu kugeuza tangazo kuwa ahadi, na ikaambiwa kwa upole kwamba tangazo ni tangazo.

Sasa tuende Haiti, kwa sababu bila Haiti hadithi hii ingebaki nusu.

Haiti ilitangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804, baada ya watumwa kuwashinda mabwana wao na kulishinda jeshi alilotumwa nalo shemeji wa Napoleon. Ilikuwa nchi ya pili kujikomboa katika Amerika yote, baada ya Marekani yenyewe. Mwaka 1816, Bolívar alipokuwa ameshindwa na kukimbia, rais wa Haiti, Alexandre Pétion, alimpa silaha, meli na watu, kwa sharti moja: uwaachilie huru watumwa katika nchi utakazozikomboa. Ukitafuta katika bara lile nani aliyesaidia uhuru wa wenzake bila kujitengenezea himaya, jibu ni hao.

Lakini orodha ya nchi zilizotambuliwa na Washington mwaka 1822 haikuwa na Haiti. Nchi ya watu weusi waliojikomboa kwa panga ilikuwa mfano mbaya kwa nchi yenye mashamba ya watumwa. Marekani iliitambua Haiti mwaka 1862 tu, wakati wa Lincoln. Na Aprili 1825, wino wa Monroe ukiwa haujamaliza hata miezi kumi na saba, mfalme wa Ufaransa aliielekezea Haiti agizo lake, na manowari zenye mizinga zikalisindikiza hadi bandarini: lipeni faranga milioni 150 kuwafidia mabwana waliopoteza mashamba na watumwa, ndipo tutawatambua. Kiasi hicho kilipunguzwa mwaka 1838 hadi milioni 90, lakini kilikuwa kimeshaizamisha nchi katika mikopo juu ya mikopo, na mabaki ya deni hilo yalimalizwa kulipwa mwaka 1947. Miaka mia moja na ishirini na mbili ya kulipia uhuru ambao babu zako walishaulipia kwa damu.

Dola la Ulaya, manowari, nchi iliyojikomboa, vitisho. Kama kuna siku Kanuni ya Monroe ingepaswa kunguruma, ni siku hiyo. Washington ilikaa kimya. Mwaka uliofuata Bolívar aliitisha mkutano wa nchi huru kule Panama, na Haiti, iliyomlisha na kumpa silaha, haikualikwa. Kwa hivyo tusiwatupie Wamarekani pekee lawama zote. Kulindwa kunategemea kwanza nani anakuhesabu kuwa mtu.

Mtu anaweza kusema: sawa, mlinzi alikuwa dhaifu siku hizo, ungetaka afanye nini? Hoja nzuri. Mwaka 1833 Uingereza ilivichukua visiwa vya Falkland ambavyo Argentina inavidai hadi leo, na Marekani haikuinua kidole. Lakini hebu tuangalie alichofanya mlinzi alipopata nguvu. Kati ya 1846 na 1848 aliipiga Mexico vita na kuondoka na karibu nusu ya ardhi yake, kuanzia California hadi New Mexico. Kanuni ya kuwazuia wa nje haikusema chochote kuhusu jirani. Ni kweli kwamba Ufaransa ilipomsimika Maximilian kuwa mfalme wa Mexico katika miaka ya 1860, shinikizo la Marekani lilichangia majeshi ya Ufaransa kuondoka. Wamexico wa Benito Juárez walikuwa wamepigana miaka yote hiyo, na mwaka 1867 wao ndio waliomaliza kazi. Nalitaja kwa sababu haki ni haki: kuna siku yule jamaa wa steji alisaidia.

Kisha ikaja 1902. Venezuela ilikuwa na madeni, na meli za Uingereza, Ujerumani na Italia zikazifunga bandari zake ili ilipe. Kutokana na tukio hilo moja kulizaliwa mawazo mawili, na tofauti kati yake ndiyo kiini cha insha hii.

Wazo la kwanza lilitoka Argentina. Waziri wa mambo ya nje, Luis María Drago, aliandika kwamba deni la taifa haliwezi kuwa sababu ya kutumia silaha wala kuikalia nchi. Angalia umbo la kanuni yake. Haitaji nani ni mlinzi na nani ni mlindwa. Inamfunga Mjerumani, inamfunga Mmarekani, na siku Argentina yenyewe itakapodai mtu pesa, itaifunga Argentina.

Wazo la pili lilitoka kwa rais Theodore Roosevelt, Desemba 1904. Yeye alisema kwamba nchi ya Amerika ikizidisha makosa au ikishindwa kujiendesha, Marekani huenda ikalazimika, hata kama haipendi, kufanya kazi ya polisi wa kimataifa. Mantiki yake ilikuwa hivi: kama sitaki Wazungu wa Ulaya waje kukudai, basi nitakudai mimi. Mwaka 1905 Wamarekani wakaanza kusimamia makusanyo ya forodha ya Jamhuri ya Dominika. Kanuni iliyozaliwa kuwazuia wa nje ikawa leseni ya mmoja wao. Jamaa wa steji amerudi, na safari hii amekuja na kitabu cha risiti.

Unajua yaliyofuata, hata kama hujui tarehe. Wanajeshi wa majini wa Marekani waliikalia Nicaragua kutoka 1912 hadi 1933, wakitoka kidogo na kurudi. Haiti, 1915 hadi 1934. Jamhuri ya Dominika, 1916 hadi 1924. Kule Haiti, Desemba 1914, kabla hata ya uvamizi wenyewe, wanajeshi walishuka, wakachukua dhahabu ya thamani ya dola takriban laki tano kutoka benki ya taifa, wakaipakia melini hadi New York. Wakulima walilazimishwa kujenga barabara bila hiari yao. Katiba iliyokataza wageni kumiliki ardhi, iliyokuwa ngao yao tangu enzi za Dessalines, ilibadilishwa mwaka 1918. Charlemagne Péralte, aliyeongoza uasi, aliuawa mwaka 1919. Yote haya chini ya kivuli cha sera ambayo, ukiisoma haraka, inasema tu: watu wa nje msiingilie.

Waswahili walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kuna watu huitumia methali hii kumtetea mlinzi mbaya: angalau tunamjua, angalau huacha mifupa. Mimi husikia onyo ndani yake. Zimwi bado ni zimwi, na ujuzi wake juu yako ndio unaolisaidia kukula kwa awamu.

Tatizo la Kanuni ya Monroe kimaadili, kwa maoni yangu, halikuanza mwaka 1904. Wengi husema ilikuwa kanuni safi ambayo Roosevelt aliichafua. Nami nasema mbegu ilikuwa mle tangu mwanzo, kwa sababu kuna tofauti kati ya kutoingiliwa na kutokuwa na bwana. Fikiria mtumwa mwenye bwana mpole. Miaka ishirini hajachapwa, hajafokewa, analala akitaka. Hakuna anayemwingilia. Je, ni huru? Hapana, na kila mmoja wetu anajua ni hapana. Kila asubuhi amani yake inategemea bwana ameamkaje. Akitaka kusafiri, lazima kwanza asome uso wa mtu mwingine. Nchi za Amerika ya Kusini baada ya 1823 ziliambiwa kwamba Ulaya haitaziingilia. Hazikuambiwa kwamba hazina bwana.

Ndiyo maana kila dola kubwa limeipenda sera ya aina hiyo. Japani ya miaka ya 1930, ikiwa imeshaiteka Manchuria, ilianza kuzungumzia Asia kwa namna ambayo watu waliiita Kanuni ya Monroe ya Asia: Wazungu wakae mbali na China, yaani, mtuachie sisi. Ukisikia mtu mwenye nguvu akisema "masuala ya bara hili yaachiwe bara hili," uliza kwanza ni nani anayejiita bara.

Sasa nije kwenye upande mgumu, kwa sababu insha inayowalaumu wakubwa tu haina kazi. Kama walinzi ni hatari, jibu ni kila mtu akae kwake? Afrika ilijaribu hilo. Mei 1963, Addis Ababa, nchi huru za Afrika zilitia saini mkataba wa OAU, na kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzako kukawa nguzo yake. Wazo hilo lilikuwa na heshima ambayo Monroe hakuwa nayo: liliandikwa na wenyewe waliolihitaji, wakiwa wameketi meza moja, na lilimfunga kila mmoja. Lakini nalo likapata uoza wake. Idi Amin aliua watu wake, na mwaka 1975 marais wenzake wakamfanya mwenyekiti. Tanzania ilipoingia Uganda mwaka 1979 baada ya Amin kuvamia Kagera, kuna viongozi waliomlaumu Nyerere kuliko walivyowahi kumlaumu Amin. Mwaka 1994 dunia nzima, Afrika ikiwamo, iliitazama Rwanda ikichinjwa. Kwa mtu aliyejificha darini siku hizo, maneno "hatuingilii" hayakuwa heshima. Yalikuwa mlango uliofungwa.

Kwa hivyo mwaka 2000, mkataba wa kuunda Umoja wa Afrika uliongeza kifungu cha nne, aya ya h: umoja una haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya halaiki au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Uamuzi ni wa mkutano wa wote. Hakuna Roosevelt anayejiteua. Kama mfumo huo unatumika inavyopaswa ni hadithi nyingine, lakini umbo lake ni sahihi.

John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba watu lazima wajikomboe wenyewe, kwa kuwa uhuru wa kuletewa haushiki mizizi. Maneno mazuri. Kisha akasema kanuni hiyo ni ya mataifa yaliyostaarabika, haiwahusu aliowaita washenzi. Mill alianza kazi katika Kampuni ya India Mashariki mwaka 1823, mwaka uleule wa ujumbe wa Monroe, na alikaa huko miaka thelathini na mitano. Wakubwa hawakosi kanuni nzuri. Huwa wanaficha tu orodha ya watu ambao kanuni haiwahusu, na sisi huwa tumo kwenye orodha hiyo.

Kutokana na haya yote nimejitengenezea maswali matatu ya kumpima mlinzi yeyote, wa nchi au wa mtaa. Je, anayelindwa alikuwapo kanuni ilipoandikwa? Je, kanuni inamfunga na mlinzi mwenyewe? Na anayelindwa akisema "imetosha," kuna anayelazimika kusikia? Monroe anaanguka mara tatu. Drago anapita. OAU ya 1963 inapita mawili ya kwanza, lakini la tatu inalipita kwa marais tu. Aliyelindwa alikuwa rais, na raia aliyekuwa akilia "imetosha" alikuwa jambo la ndani.

Na sisi je?

Tarehe 2 Oktoba 2023, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2699, likiidhinisha kikosi cha kusaidia polisi wa Haiti, na Kenya ikajitolea kukiongoza. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkuu. Wazo la Roosevelt la polisi wa kimataifa lilikuwa limefikisha karibu miaka 120, na safari hii polisi walikuwa wetu, watoto wa Kitale na Kitui na Kilifi. Tusifanye mzaha na shida ya Haiti. Magenge yalikuwa yameshika sehemu kubwa ya Port-au-Prince, watu waliuawa na kufukuzwa makwao kwa maelfu. Mama aliyelala sakafuni akiepa risasi hakuwa na wakati wa kusoma Monroe. Kama afisa kutoka Gilgil alimwezesha kwenda sokoni na kurudi, hilo ni jema, na sitalidharau.

Lakini tuulize maswali yetu. Nani alikubali kwa niaba ya Haiti? Ombi lilitoka mwaka 2022 kwa serikali ya Ariel Henry, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Alishika usukani baada ya rais Jovenel Moïse kuuawa Julai 2021, na kufikia Januari 2023 nchi haikuwa na mbunge wala seneta hata mmoja aliyechaguliwa. Mahakama Kuu ya Kenya ilipozuia mpango huo Januari 2024, Henry alikuja Nairobi, na mkataba ukatiwa saini tarehe 1 Machi. Magenge yakashambulia magereza na uwanja wa ndege akiwa nje, akashindwa kurudi kwake, na kabla Aprili kwisha alikuwa amejiuzulu. Mkataba ulibaki. Aliyeutaka hakuwa na nchi ya kurudi.

Na Mhaiti akidhulumiwa na mlinzi, ashtaki wapi? Si swali la kinadharia. Wanajeshi wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa walipeleka kipindupindu Haiti mwaka 2010, watu karibu elfu kumi wakafa. Kesi yao ilikwama Marekani kwa sababu ya kinga ya umoja huo, na walichopata ni maneno ya samahani, Desemba 2016.

Kisha kuna hii. Kundi la kwanza la maafisa wetu lilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Huna haja ya kukumbushwa tarehe hiyo. Ni siku vijana wa Gen Z walipoingia Bunge, na vijana wakapigwa risasi barabarani Nairobi. Serikali moja, idara moja, siku moja: huko tumekwenda kulinda raia, huku raia wanakimbia. Wengi waliicheka hiyo sadfa kwa uchungu mtandaoni. Mimi naiona kuwa jibu la swali la pili. Kanuni ambayo huwezi kuitii nyumbani hujaiamini, umeikodisha tu.

Mwaka 2013, waziri wa mambo ya nje wa Marekani John Kerry aliwaambia wajumbe wa nchi za Amerika kwamba zama za Kanuni ya Monroe zimekwisha. Mwaka 2018, rais Trump aliitaja kwa sifa mbele ya Umoja wa Mataifa kuwa sera rasmi ya nchi yake. Miaka mitano tu. Hapo ndipo unaona maana ya kulindwa kwa tangazo: mwenye kutangaza anaweza kufuta, na mwenye kufuta anaweza kutangaza upya, na wewe wa kibandani unasoma habari kama kila mtu.

Sisemi tusisaidiane. Pétion alisaidia, na alipomaliza hakumtuma Bolívar mtu wa kukusanya ushuru. Alimpa sharti moja tu, na lilihusu uhuru wa watu wengine, wala halikumletea yeye ardhi. Msaada wa namna hiyo upo. Unaanza na kuuliza, "Unataka nini?" Kisha unakaa kimya, unasikiliza jibu, hata kama jibu ni "Asante, lakini tumejipanga."

Kwa hivyo ukisikia mtu mzito akiwaambia wengine wasikuguze, mshukuru, maana huenda amekuokoa kweli. Halafu kabla hajaondoka, mwambie alirudie hilo neno akikutazama wewe, na aongeze jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wasioruhusiwa kugusa. Akikubali, umepata rafiki. Akicheka, anza kujipanga.